ESP32 inagoma kuwaka ukiunganisha kadi ya memori? Jinsi ya kufunga volti ya flashi kwenye 3.3, hatua kwa hatua

Bodi yangu ya ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta ya kuendeshea vifaa) ilikuwa inapiga kazi vizuri mchana kutwa, jioni nikaiunganishia soketi ya kadi ya memori ili iwe inarekodi joto la mashine ya kutotoleshea vifaranga, nikawasha, kimya. Taa ya umeme inawaka ila programu haianzi, na kwenye kompyuta yanajirudia maneno haya haya bila kukoma:

rst:0x10 (RTCWDT_RTC_RESET),boot:0x33 (SPI_FAST_FLASH_BOOT)
flash read err, 1000
ets_main.c 371

Nikachomoa kadi, bado. Nikapakia programu upya, ikagoma kabisa kupokea. Nikaanza kuchomoa waya moja moja, nilipoitoa ile ya pini ya GPIO12 na kubonyeza EN (kitufe cha kuriseti) bodi ikaamka kama hakuna kilichotokea, nikairudisha, ikalala tena. Hapo ndo nikajua bodi haijafa. Naandika haya kwa sababu najua kuna watu wengi wameshatupa bodi nzima nzima wakiamini flashi (chipu inayohifadhi programu) imeungua, wakati kilichotokea ni kwamba flashi inapewa volti 1.8 badala ya 3.3, basi.

Dawa yake ya kudumu ipo, ni kuchoma fyuzi (biti za kudumu ndani ya ESP32 zinazofunga volti kwenye 3.3), na inachukua dakika tano, lakini ni dawa ya kunywa mara moja tu, hairudishwi. Kwahiyo soma mpaka mwisho kabla hujagusa chochote, hasa sehemu ya kuitambua flashi yako.

Kwanza elewa kinachotokea

Kwenye moduli za kawaida kama WROOM-32 programu yako haikai ndani ya ESP32 yenyewe, inakaa kwenye chipu ndogo ya flashi pembeni yake, zote mbili zimefunikwa na kile kibati. Sasa hiyo flashi hailishwi umeme moja kwa moja kutoka kwenye laini ya 3.3 ya bodi, inalishwa na ESP32 kupitia pini inayoitwa VDD_SDIO. Espressif waliotengeneza hii chipu walitaka ikubali flashi za aina zote mbili, za volti 3.3 na za volti 1.8, kwahiyo wakaweka njia ya kuchagua: pale inapopata umeme, au ukibonyeza EN, ESP32 inachungulia pini ya GPIO12 (jina lake jingine MTDI). Ikiikuta iko chini inatoa 3.3, ikiikuta iko juu inatoa 1.8. Ikishachagua imeshachagua, unaweza kuitumia GPIO12 utakavyo baadae na volti haibadiliki mpaka uizime au uiriseti tena.

Ukiiacha GPIO12 bila kitu inakaa chini, manake ndani kuna rizista ya takriban kiloomu 45 inayoivuta kwenda graundi. Ndo maana bodi tupu haisumbui. Shida ni kwamba kadi ya memori ikiunganishwa kwa waya zote nne za data inatumia pini 14 (CLK), 15 (CMD), 2 (D0), 4 (D1), 12 (D2) na 13 (D3), na waya za data za kadi zinatakiwa zivutwe juu kwa rizista za kiloomu 10. Piga hesabu: 3.3 mara 45 gawanya kwa 55 unapata volti 2.7 pale GPIO12. Kiwango cha ESP32 kuhesabu pini kuwa iko juu ni robo tatu ya 3.3, yaani kama 2.5. 2.7 imeshavuka. Chipu inaamini umeiambia itoe 1.8, inaipa flashi 1.8, na flashi ya kawaida inataka angalau 2.7 ili ijibu. Haiungui, inakosa nguvu tu.

Na ile namba ya boot ndo inayokupa jibu bila hata kufungua kitu. Ni jumla ya pini zilizokuwa juu wakati wa kuwaka: GPIO5 ni 0x01, GPIO15 ni 0x02, GPIO4 ni 0x04, GPIO2 ni 0x08, GPIO0 ni 0x10, GPIO12 ni 0x20. Bodi ya kawaida inaandika 0x13, yaani 10 na 2 na 1. Ukiona 0x33 imeongezeka 0x20, na hiyo ni GPIO12. Kama rizista za pini 2 na 4 nazo zipo namba itakuwa 0x3f. Ukiona flash read err lakini namba ni 0x13, ugonjwa wako ni mwingine, inaweza kuwa flashi haina programu au imelegea, usiendelee na hatua za hapa.

Je unahitaji kweli kuchoma fyuzi?

Mimi nasema ukweli, wengi hawahitaji. Kama unarekodi joto mara moja kwa dakika huna haja ya waya nne za data. Tumia waya moja tu ya data, kwenye Arduino ni SD_MMC.begin("/sdcard", true), ile true ndo inasema waya moja, na kwenye ESP-IDF (zana za kuandikia programu za Espressif wenyewe) unaweka width iwe 1. Hapo GPIO12 inabaki huru, unaitoa tu ile rizista yake na tatizo limeisha (ila D3 lazima ibaki imevutwa juu, ikiachwa kadi inaweza kuingia hali ya SPI, njia nyingine ya kadi kuongea na chipu). Au tumia SPI ya kawaida kwenye pini nyingine unazotaka wewe. Kasi inapungua ila kwa kurekodi namba hata hutaiona.

Wanaohitaji ni wale wenye bodi iliyokwisha kutengenezwa na GPIO12 imeshaunganishwa kwa kitu kinachoivuta juu, wanaorekodi picha au sauti na wanataka kasi ya waya nne, na wanaotumia kifaa cha JTAG kukagua programu, kwasababu GPIO12 ndo TDI ya JTAG na vifaa vingi vinaivuta juu. Kama uko kwenye hilo kundi twende.

Hatua ya 1: itambue flashi yako

Hapa usiharakishe. Ukifunga volti kwenye 3.3 halafu ikawa flashi yako ni ya 1.8, umeipa karibu mara mbili ya inachostahili na hiyo kweli inaungua, na kama kuna PSRAM (memori ya ziada) ya 1.8 pembeni nayo inaenda.

Angalia maandishi juu ya kibati. WROOM-32 na ndugu zake wa WROOM-32D na 32E zinatumia flashi ya 3.3, PICO-D4 nayo iko na flashi ya 3.3 ndani kwa ndani, WROVER-B na WROVER-E za kawaida ni 3.3 (WROVER-B iliwahi kutolewa pia na flashi ya 1.8 kwa oda maalum). Ile iliyoandikwa ESP32-WROVER peke yake bila herufi mbele, ya zamani, hiyo ina flashi na PSRAM za 1.8 na GPIO12 imevutwa juu humo humo ndani ya moduli makusudi. HIYO USIIGUSE, usiifunge 3.3 hata kidogo.

Kibati kinaweza kudanganya, hasa moduli za bei ya chini ambazo hujui zimetoka wapi, kwahiyo iulize flashi yenyewe. Weka zana kwanza kwa pip install esptool, zana ya fyuzi inakuja humo humo. Toa waya ya GPIO12, chomeka bodi, andika:

esptool.py --port /dev/ttyUSB0 flash_id

Kwenye Windows badala ya /dev/ttyUSB0 unaweka COM3 au COM yoyote uliyopewa. Kama una toleo la 5 la esptool majina yameandikwa kwa kistari, flash-id, na ile .py haina ulazima tena. Itakujibu Manufacturer na Device. Manufacturer ef ni Winbond, c8 ni GigaDevice. Kwenye Device angalia tarakimu mbili za mwanzo: 4016 ni ya 3.3, megabaiti 4 (W25Q32 za herufi V, na GD25Q32). 6016 ni ya 1.8 (W25Q32 za DW au FW, na GD25LQ32). Winbond W25Q32JW ambayo nayo ni ya 1.8 inaweza kujibu 8016. Mbili za mwisho ni ukubwa tu, 17 ni megabaiti 8, 18 ni 16.

Kama flashi haina kibati unaweza kusoma kwa macho, chukua simu uipige picha karibu na taa ya pembeni maandishi yatatokea. GD25Q ni 3.3, GD25LQ yenye L ni 1.8. Kwenye Winbond angalia herufi zinazofuata namba ya ukubwa (kama 32): zenye V ni 3.3, zenye W ni 1.8. Hiyo herufi moja ndo inayotenganisha bodi nzima na bodi ya kutupa.

Ukipata ff na ffff flashi haijajibu kabisa, rudi uhakikishe GPIO12 kweli imeachwa huru, usikisie.

Hatua ya 2: pima

Washa bodi huku umeshikilia kitufe cha BOOT ili ibaki inasubiri programu. Weka mita kwenye volti za DC, waya nyeusi kwenye GND, nyekundu kwenye pini iliyoandikwa CMD. Hiyo ni GPIO11, pini ya flashi inayolishwa na VDD_SDIO, kwenye hali hiyo inavutwa juu kwahiyo itakuonyesha volti ambayo flashi inapewa. GPIO12 ikiwa huru utasoma karibu na 3.3, ukiigusisha GPIO12 kwenye 3V3 kwa rizista ya kiloomu 10 ukabonyeza EN huku umeshika BOOT, itashuka kama 1.8. Ukishaiona kwa macho yako ile namba inashuka, hutasahau tena.

Angalizo kubwa: kwenye bodi za DevKitC zenye pini 38, CMD imekaa jirani kabisa na pini ya 5V. Ncha ya mita ikiteleza ikagusa zote mbili umeipiga flashi na ESP32 volti 5. Mi navisha ncha ya mita kwa mrija wa waya ikabaki milimita moja tu nje. Kama flashi iko wazi bora upime mguu wa 8 wa flashi moja kwa moja, graundi ni mguu wa 4.

Usishtuke ukiona 3.2 au 3.15 kwenye mguu wa 8 badala ya 3.3 kamili. Umeme unapita kwenye swichi ya ndani yenye kama omu 6, flashi ikiwa inafuta na kuvuta milliampia 25 unapoteza volti 0.15. Kawaida hiyo. Na ndo sababu ya kutoilisha bodi kwa 3.0 ukadhani unaokoa betri, flashi inafika ukingoni wakati wa kuandika.

Hatua ya 3: soma hali ya fyuzi

espefuse.py --port /dev/ttyUSB0 summary

Inatoka orodha ndefu, unazozitafuta ni tatu: XPD_SDIO_FORCE, XPD_SDIO_REG na XPD_SDIO_TIEH. Ya kwanza inasema "usiiangalie GPIO12", ya pili inawasha umeme wa flashi, ya tatu inachagua 3.3. Kwenye bodi mpya zote ni sifuri na chini kabisa kuna mstari unaosema volti inaamuliwa na GPIO12. Kama unakuta set to 3.3V by efuse kuna mtu ameshaifunga kabla yako, huna kazi, tatizo lako litafute kwingine.

Ihifadhi hiyo orodha kwenye faili kabla ya kuendelea, ongeza > kabla.txt mwisho wa amri. Nzuri ni kwamba fyuzi ziko ndani ya ESP32 na sio kwenye flashi, kwahiyo hata flashi ikiwa haisomeki hii amri inafanya kazi.

Ikigoma kuunganika angalia pini ya GPIO2. Ili ESP32 iingie kwenye hali ya kupokea, GPIO0 lazima iwe chini na GPIO2 nayo iwe chini au huru, na kumbuka GPIO2 ndo D0 ya kadi, nayo umeshaiwekea rizista ya kuvuta juu! Hili limenila muda kuliko lile la GPIO12. Chomoa soketi yote ya kadi wakati wa kazi hii. Kwa baadae, kama bodi ni yako na unataka kupakia programu huku kadi ipo, unganisha GPIO2 na GPIO0 kwa jampa, kitufe cha BOOT kikiivuta moja chini nyingine inafuata.

Hatua ya 4: choma

Jaribu kwanza bila kuchoma kweli, zana ina hali ya kuigiza ambayo haihitaji hata bodi:

espefuse.py --chip esp32 --virt set_flash_voltage 3.3V

Soma inachokuambia. Ukiridhika, kebo ya USB fupi na inayoshika vizuri, kompyuta isiwe karibu kuzima, bodi isiguswe:

espefuse.py --port /dev/ttyUSB0 set_flash_voltage 3.3V

Itakuonya kwamba hakuna kurudi nyuma na itakuomba uandike BURN kwa herufi kubwa. Kila fyuzi ni biti inayotoka 0 kwenda 1 na hairudi tena maisha. Ukichagua 3.3V zinachomwa zote tatu, kwahiyo hakuna nafasi ya kubadili mawazo. Ukichagua 1.8V zinachomwa FORCE na REG tu, TIEH inabaki, ndo maana aliyefunga 1.8 kwa makosa bado anaweza kuja kufunga 3.3. Kuna na OFF, inachoma FORCE peke yake na flashi haipati umeme kabisa kutoka kwa ESP32, hiyo ni ya watu wanaolisha VDD_SDIO kutoka nje, na toka hapo unaweza kwenda 1.8 au 3.3. Njia ni ya kwenda mbele tu.

Hatua ya 5: hakiki

Rudia summary, sasa mstari wa chini useme set to 3.3V by efuse, na fyuzi zote tatu ziwe 1. Kisha rudisha waya ya GPIO12 na rizista yake, washa, pima tena CMD kama mwanzo. Inatakiwa ibaki 3.3 hata GPIO12 ikiwa juu.

Programu itaanza, ila ile namba ya boot bado itaandika 0x33, na hapa kuna watu wanaogopa wakidhani fyuzi haikukubali. Ile namba inaripoti pini ilivyokutwa tu, haijali fyuzi zinasemaje. Kama flash read err imeondoka, imekubali.

Rudisha kadi na rizista zote, halafu zima na washa kabisa kwa kuchomoa umeme, sio kitufe tu, fanya hivyo mara kumi kumi. Mi niliiacha inaandika kadi usiku kucha na asubuhi nikahesabu mistari kwenye faili, haikupungua hata mmoja.

Kwa walio na flashi ya 1.8

Kama moduli yako ni ya 1.8 na GPIO12 yako inahitajika kwa kazi inayoivuta chini wakati wa kuwaka, wewe unafunga 1.8V kwa amri hiyo hiyo. Jua mambo mawili. Umeme wa 1.8 unatoka kwenye reguleta ya ndani ya ESP32 na mwisho wake ni milliampia 40, usijaribu kulisha kitu kingine chochote hapo. Pili, ukipima programu ikiwa inaendesha ukakuta 1.9, ni sawa, ESP-IDF inaipandisha makusudi ili flashi isizimie wakati wa kuandika, ipo kwenye mipangilio kwa jina CONFIG_BOOTLOADER_VDDSDIO_BOOST_1_9V. Na wa JTAG, kwenye OpenOCD (programu inayoendesha kifaa cha JTAG) chagueni faili la bodi linalolingana na volti, yapo ya 3.3v na 1.8v, au weka ESP32_FLASH_VOLTAGE mwenyewe.

Ukiwa na ESP32-S3

Hiyo ni chipu nyingine ya Espressif, usitumie namba za hapa. Kule pini inayochagua ni GPIO45, laini inaitwa VDD_SPI, na fyuzi ni VDD_SPI_FORCE, VDD_SPI_XPD na VDD_SPI_TIEH. GPIO12 ya S3 ni pini ya kawaida tu. Amri ya set_flash_voltage inafanya kazi, ila chunga sana moduli za WROOM-2, na zile zinazoishia na R8V au R16V, hizo ni za 1.8, ukizifunga 3.3 umeziua.

Mwisho kabisa, chukua kipande cha tepu ya karatasi, andika "3.3 IMEFUNGWA" na tarehe, bandika nyuma ya bodi. Siku fundi mwingine, au wewe mwenyewe baada ya miaka miwili, akitaka kubadilisha flashi kwenye bodi hiyo aweke W25Q ya herufi V na sio W, manake hiyo bodi haitaiuliza GPIO12 tena.